Mshale Ulioshikwa

Tusajigwe aliingiza kidole kwenye nyumba ya themostati akakuta tupu. Alikitoa, akakifuta kwenye ovaroli, akakiingiza tena. Bado tupu. Mahali palipotakiwa kukaa kile kidude cha shaba chenye springi palikuwa na uji tu, mzito, wa kijani iliyofifia, na ndani ya uji huo madonge.

"Fundi Kihwele," aliita, "nani amefungua hii injini?"

Mzee Kihwele alikuwa amechuchumaa kwenye kivuli cha pikapu anakunywa chai. Ndiye aliyekuwa mkuu wa mafundi wa msafara, na hapakuwa na pikapu iliyopanda mlima wa Kitonga ambayo hakuwahi kulala chini yake. Aliinuka taratibu, akatabasamu kwa fahari ya mtu aliyesubiri siku nyingi kuulizwa swali hilo.

"Mimi mwenyewe, mhandisi. Kidude chao nimekitoa. Kile ni cha nchi za baridi, cha kupasha injini moto. Sisi huku moto tunao wa kugawia majirani."

"Umetoa kwenye hii tu?"

"Hii tu? Mwanangu, mimi sina ubaguzi. Nimetoa kwenye zote. Tangu masika yaishe. Si umeona zinavyokwenda baridi? Madereva wananiombea dua."

Tusajigwe alitazama chini bondeni, ambako anga lilikuwa limekwisha kuwa jeupe ingawa ilikuwa asubuhi bado. Huko chini msafara ulikuwa njiani: pikapu tisa zilizofunikwa nyuma kama vibasi, zimejaa watu, zinatoka Ruaha Mbuyuni kuja juu kabla ya wiki ya jiko. Hivyo ndivyo watu walivyoliita lile wimbi la joto lililokuwa likija kila mwaka kuukausha uhai wa bonde zima. Mwaka huu lilikuwa limewahi. Kwa kawaida misafara ilisafiri gizani kwenye ubaridi. Leo, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, walikuwa wanapanda mchana.

Na pikapu ya mbele ilikuwa inaendeshwa na Lugano, mdogo wake wa tumbo moja.

Kwenye karatasi za serikali uji uliitwa kipoza hai. Madereva ndio waliouita uji, na Tusajigwe aliyeubuni alishazoea kuuita hivyo hivyo. Ulikuwa ni vijidudu vyenye magamba, mamilioni kwa mamilioni, vilivyofugwa vinywe joto la injini na kulitema kwenye rejeta. Vilibeba joto mara tatu ya maji. Betri za magari ya umeme zilivimba na kupasuka tangu miaka ya kwanza ya joto kali; kilichobaki ni hizi dizeli ndogo za mafuta ya mbono, nazo bila uji zisingevuka bonde hata nusu. Lakini uji, kama uji wowote, sharti uive. Kila siku sharti ufike nyuzi themanini ndipo magamba yafunguke, na kazi ya themostati ni kuubania ndani ya injini mpaka ufike hapo. Ukiachiwa uzunguke kwenye rejeta tangu mwanzo, unabaki mbichi, unashika kwenye kuta za mabomba, unafanya madonge. Gizani, kwenye safari nyepesi, hakuna atakayejua. Mchana, mlimani, na mzigo wa watu, madonge yanang'oka na kwenda kuziba vijibomba vya rejeta.

Alimweleza Mzee Kihwele haya yote kwa sentensi tatu za haraka. Mzee alibaki ameshika kikombe, chai inamwagika taratibu kwenye kiatu chake.

"Kwa hiyo nimewaua," alisema.

"Bado," alijibu Tusajigwe, akaanza kukimbia kuelekea chumba cha mitambo. Njiani hasira yake haikuwa kwa mzee. Alizaliwa kwenye gereji ya Uyole. Themostati zilizotolewa ndizo zilizokuwa vikombe vyake vya mchezo wa kupika. Alijua fika kwamba kuanzia Tunduma mpaka Tanga hakuna fundi anayekiacha kidude hicho salama. Na bado akachora mtambo unaotegemea kidude hicho hicho, akaandika onyo chini ya mchoro, akalala usingizi.

*

Mkurugenzi wa kituo cha misafara pale juu, Bwana Shekalaghe, alikuwa mtu wa sauti ya chini ambaye hakuvua tai hata siku za jiko. Alimsikiliza Tusajigwe mpaka mwisho bila kumkatiza. Mbele yao, kwenye kioo kikubwa cha ukutani, mistari tisa ilionyesha joto la injini tisa. Sita ilikuwa imeshaanza kupanda.

"Hayo madonge hayawezi kuyeyuka?"

"Yanayeyuka, Mkurugenzi. Ukiyapika vizuri, karibu na nyuzi mia na kumi, yanalainika yote na uji unaiva. Injini hizi zinavumilia joto hilo kwa muda. Ila dereva asisimame. Akisimama na kuzima, pampu nayo inasimama, joto linabaki kichwani mwa injini, inanoki papo hapo, haizunguki tena."

"Basi wasisimame."

"Wamefundishwa kusimama. Mshale ukigusa nyekundu, simama, zima, fungua boneti." Tusajigwe alitazama kioo. "Nimewafundisha mimi."

Mzee Kihwele, aliyekuwa ameingia nyuma yake bila kukaribishwa, alikohoa. "Kuna hita," alisema. "Wakiwasha hita ya ndani mpaka mwisho, ile ni rejeta ya pili. Inatoa joto kwenye injini na kulimwaga kwa abiria. Tulifanya hivyo zamani kwenye malori."

"Ingesaidia sana," Tusajigwe aliafiki upesi. "Hita, gia ndogo, mwendo wa kobe. Wangefika."

Bwana Shekalaghe alivua miwani. "Nje ni nyuzi arobaini na tisa. Nyuma kuna watoto, kuna wagonjwa. Mtamwambia dereva awachome watu wake kwa hita, naye asiulize kwa nini?"

"Tutamwambia kwa nini."

"Mwaka jana tulimwambia mmoja kwa nini. Ulikuwepo."

Tusajigwe alikuwepo. Dereva yule aliposikia injini inachemka alisimama katikati ya mlima, akafungua mfuniko wa rejeta kwa tambara, na mvuke ukambabua uso. Nyuma yake wengine watatu wakasimama kwa hofu. Abiria wakashuka wakakaa barabarani kwenye lami inayoyeyuka, wakingoja msaada. Hakuna aliyependa kukumbuka msaada ulipofika ulikuta nini.

"Mishale ya dashibodi inapata hesabu zake kutoka hapa," alisema Bwana Shekalaghe. "Unaweza kuishika?"

Hapo ndipo Tusajigwe alipoelewa anaombwa nini. Ndiyo, aliweza. Mtambo wa kusahihisha mishale aliuweka yeye, kwa nia njema, ili mshale ukikosea urekebishwe bila kumrudisha dereva gereji. Sasa ungetumika kuukosesha ule unaosema kweli. Dereva angeona mshale umelala katikati, angeendelea kupanda kwa amani, uji ungeiva chini yake bila yeye kujua, na angefika salama bila kupitia hofu. Au asifike. Na asipofika, angekuwa amekwenda kifoni anatabasamu, hita imezimwa, gia kubwa, kwa kuwa mtu aliyemwamini alimwambia yote ni heri.

"Mkurugenzi, gari ni la dereva. Roho zilizomo ni za dereva."

"Na wakisimama wote tisa?"

Mistari yote tisa sasa ilikuwa inapanda. Wa Lugano ulikuwa wa pili kutoka juu. Tusajigwe aliutazama mpaka macho yakamuuma. Akili yake ilimwambia subiri, fikiri kwanza. Akili nyingine ikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu akiwa na hofu hafanyi lililo jema, hufanya lililo karibu, na lililo karibu na kidole chake lilikuwa kitufe cha kuishika mishale.

Alikibonyeza. Kule chini, mishale tisa ikalala katikati ya dashibodi, ikatulia.

Mzee Kihwele alitoka mlangoni, akarudi, akatoka tena.

*

Kwa muda kila kitu kilikwenda kama Bwana Shekalaghe alivyosema. Redio ya upepo, iliyosikika na madereva wote kwa pamoja, ilileta utani wa kawaida: nani kamzibia nani njia, nani anaimba vibaya. Kwenye kioo cha ukutani mistari ya kweli ilivuka mia. Tusajigwe aliikodolea macho kama mama anayechungulia chungu cha jirani, hana haki ya kukigusa. Mstari wa pikapu ya nne, ya kijana mkimya aitwaye Ndelwa, ulikuwa unakimbia kuliko mingine.

"Kituo, hapa mbele." Ilikuwa sauti ya Lugano. "Dada upo?"

"Nipo."

"Mshale wangu unasema poa kabisa. Ila naisikia harufu. Tamu, kama uji ulioachwa jikoni ukashika chini. Na miguu inaniungua. Niamini pua au niamini mshale?"

Redio nyingine zote zilinyamaza. Madereva wanane walikuwa wanasikiliza, na ndani ya kimya hicho Tusajigwe alijua kwamba na wao walikuwa wameisikia harufu, ila hakuna aliyetaka kuonekana mwoga wa kwanza.

Bwana Shekalaghe alimtazama, akatikisa kichwa polepole. Kwenye kioo, uji wa Lugano ulikuwa umefika mia na sita. Umebaki kidogo. Kidogo tu uive.

"Endelea tu, mdogo wangu," alisema Tusajigwe. Alishangaa sauti yake ilivyotulia. "Ni harufu ya lami."

"Haya, dada. Wewe ndiye unajua."

Maneno hayo yalimwingia vibaya kuliko tusi. Tangu wakiwa wadogo Lugano alikuwa mbishi wa kila kitu, mbishi wa jua na mvua, lakini hakuwahi kumbishia dada yake katika jambo la injini.

Mstari wa Ndelwa ulipanda ghafla, ukasimama wima, ukakatika.

Redioni ulisikika mkwaruzo, kisha sauti ya dereva wa tano, ikipiga kelele. "Ndelwa! Ndelwa anarudi nyuma! Jamani anarudi nyuma!"

Tusajigwe hakuhitaji kuelezwa. Injini ya dizeli ikinoki, pampu inayovuta breki inakufa nayo. Kanyagio linakuwa gumu kama jiwe, na gari lenye watu kumi na wawili linaanza kurudi lilikotoka. Upande mmoja wa barabara ya Kitonga ni ukuta wa mwamba. Upande wa pili ni hewa.

Ndelwa alichagua ukuta. Alikata usukani, akaipeleka pikapu kwa ubavu wake mwenyewe, ikajikwangua kwenye mwamba mpaka ikasimama. Dereva wa tano alitoa habari akihema. Abiria wote wazima, wanashuka, anawapakia kwake wanaoenea bila kuzima injini, waliobaki watachukuliwa na walio nyuma.

"Ndelwa amebanwa mlangoni," alisema mwishowe. "Hapumui. Mshale wake... Kituo, mshale wake upo katikati. Injini inafuka moshi na mshale upo katikati."

Bwana Shekalaghe aliketi. "Wanane bado wanapanda," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Mhandisi, wanane. Usiwaharibie sasa."

Njia ya mwongo ni fupi, na Tusajigwe alikuwa amefika mwisho wake. Alikibonyeza tena kitufe, akaiachia mishale. Akachukua kipaza sauti, na safari hii sauti haikutulia hata kidogo.

"Madereva wote. Mishale ilikuwa ya uongo. Niliishika mimi. Sasa mnaiona ya kweli, na ya kweli ni nyekundu. Uji umefanya madonge, sharti upikwe ndio uyeyuke. Msisimame. Ingizeni gia ndogo, washeni hita mpaka mwisho, fungueni madirisha. Msisimame."

Kilichofuata hakikuwa kelele. Dereva mmoja akasema kwa upole, "Mimi nasimama." Mwingine akasema, "Hata mimi. Tukuamini kwa lipi?"

Kwenye kioo, magari mawili yalianza kupunguza mwendo. Tusajigwe alibonyeza kipaza sauti. Angesema nini? Kila neno alilokuwa nalo alikuwa amekwisha kulitumia.

Mkono mkavu ukamnyang'anya kipaza sauti. Mzee Kihwele alikuwa amerudi, analia waziwazi, bila kujifuta.

"Wanangu, hapa Kihwele. Asimame mtu nimlaani! Themostati nimezitoa mimi. Mimi, kwa mkono wangu, na mkanishukuru. Ujinga ni wangu. Huyu kawadanganya, ndiyo, lakini hili la hita nalisema mimi, nimelifanya kwenye mlima huu huu kabla hamjazaliwa. Ukisimama unanoki. Ukifungua mfuniko unababuka. Gia ya pili, hita mpaka mwisho. Abiria wakikutukana, tukaneni nao, ila twendeni!"

Yale magari mawili yaliacha kupunguza mwendo. Mstari mmoja ukayumba, ukashuka kidogo, halafu mwingine. Hita zilikuwa zimewashwa.

Lugano hakusema chochote redioni tangu hapo.

*

Walifika juu mmoja mmoja. Milango ilipofunguliwa joto liliwatangulia abiria kushuka. Akina mama walitoka na watoto waliolegea, wakamwagiwa maji. Mzee mmoja alibebwa kwenye kanga. Walikuwa hai. Boneti zilipofunguliwa uji ulikuwa laini, kijani iliyokolea, hauna donge hata moja. Mtambo ulifanya kazi kama mchoro ulivyosema, na Tusajigwe aliuchukia kwa hilo.

Mwili wa Ndelwa waliuleta kwenye pikapu ya mwisho, umefunikwa turubai. Madereva waliusimamia, kofia mikononi.

Bwana Shekalaghe aliwapa muda, kisha akasema lililokuwa lazima lisemwe. Kule Mbuyuni walikuwa wamebaki watu, wanaojaza zamu moja zaidi. Jiko lilikuwa linaingia kesho. Mafundi walikuwa wanarudisha themostati, uji umeiva, safari ya pili ingekuwa salama kuliko ya kwanza.

Hakuna dereva aliyesogea.

"Salama nani kasema?" aliuliza yule wa tano, yule aliyemwona Ndelwa. Aliuliza bila ukali, kama mtu anayeuliza njia.

Tusajigwe alitaka kuwaambia kwamba hesabu zinakubali. Alitaka kuwaeleza mia na kumi, magamba, vijibomba. Alifungua mdomo akaona nyuso zao, akaelewa kwamba chombo pekee kilichowavusha madereva bonde hili miaka yote hakikuwa uji wake. Kilikuwa ni kuamini kile kimshale kwenye dashibodi, na chombo hicho alikuwa amekivunja yeye kwa kidole kimoja, na huko Mbuyuni watu walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao wakitazama barabara.

Lugano alitoka katikati ya wenzake. Soli za viatu vyake zilikuwa zimeyeyuka upande, anatembea akichechemea. Alisimama mbele ya dada yake kwa karibu kiasi kwamba Tusajigwe alidhani atapigwa, na akaona ni haki.

"Nilikuuliza," alisema Lugano. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Uliniuliza."

"Ungenijibu kweli, Ndelwa angesikia. Angewasha hita."

Pengine angewasha. Pengine wote wangesimama. Tusajigwe asingejua mpaka anaingia kaburini, na hilo lilikuwa lake peke yake kulibeba.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Hilo tutaliongea mama akiwepo." Lugano aliupa mgongo umati, akaifungua pikapu yake mlango wa abiria. Joto lilikuwa bado linatoka ndani. "Fundi akishafunga injini hupanda gari na dereva wakalijaribu wote wawili. Hata gereji ya uchochoroni wanajua hilo. Wewe umefunga injini tisa na hujawahi kushuka huo mlima mchana hata mara moja. Panda."

Bwana Shekalaghe alianza kusema kwamba mhandisi anahitajika kwenye mitambo. Mzee Kihwele, aliyekuwa ameinama kwenye boneti ya jirani na springi mkononi, alimwambia anyamaze, naye akanyamaza.

Tusajigwe alipanda. Kiti kilimchoma kupitia ovaroli. Lugano aliwasha injini, na kwa dirisha lililo wazi walisikia injini ya pili ikiwaka nyuma yao, halafu ya tatu, halafu kimya. Tatu tu. Wengine waliendelea kusimama na kutazama.

Pikapu iliinamisha pua kuelekea bondeni. Hewa iliyoingia dirishani haikuwa na tofauti na ile ya hita. Mshale ulikuwa unapanda kidogo kidogo kama ilivyotakiwa, lakini Lugano hakuutazama hata mara moja. Alikuwa anamtazama dada yake usoni, akirudisha macho barabarani, akimtazama tena.

"Unaogopa?" aliuliza.

Tusajigwe aliangalia kona ya kwanza inavyokuja, na zaidi ya kona, weupe mtupu wa bonde.

"Naogopa sana."

"Vizuri," alisema Lugano, akaingiza gia ndogo. "Hilo ndilo neno lako la kwanza leo ninaloliamini."